Msiri Hana Budi Kutaja Mipaka ya Siri

Waswahili wana methali mbili ambazo, kwa mtazamo wa haraka, zinakinzana. Ya kwanza yaonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ya pili yatukumbusha kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayebisha hodi kwenye chumba cha ushauri nasaha husimama baina ya methali hizi mbili. Akinyamaza, ataangamia, akisema, hajui neno lake litafika wapi.

Hofu hiyo ina misingi yake. Katika baadhi ya vyuo vikuu vya Kenya, huduma ya ushauri nasaha imewekwa chini ya ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, ofisi iyo hiyo inayohusishwa na masuala ya nidhamu. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi huanza kwa tasfida. Husema kuwa usingizi umemkimbia au kwamba masomo yamemlemea, ilhali kinachomkereketa ni mimba asiyoitarajia, dawa za kulevya, kunajisiwa, au wazo la kujitoa uhai. Mshauri naye hutibu usingizi, na donda likabaki lilipokuwa.

Kwa miaka mingi sheria yenyewe ilichochea ukimya huu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Aliyenusurika angeweza kupelekwa kizimbani badala ya kupelekwa kwa tabibu. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kilikuwa kimempa kila mtu haki ya faragha, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaziweka habari za afya miongoni mwa data nyeti. Hata hivyo, sheria iliyo kabatini haimtoi mtu hofu iliyo moyoni.

Wapo wanaodai kuwa dawa ni kumwahidi mwanafunzi siri isiyo na kikomo. Dai hili lina kasoro. Maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, mtoto anapodhulumiwa, au mahakama inapotoa amri, mshauri huweza kulazimika kusema. Anayeahidi asichoweza kukitimiza humsaliti mteja wake sawa na msengenyaji. Uaminifu wa kweli ni kuitaja mipaka hiyo katika kikao cha kwanza, kabla mteja hajafungua kinywa, na kuitaja kwa lugha anayoielewa barabara. Mwenye kujua ukuta uko wapi hutembea bila kupapasa.

Kiswahili hakikosi msamiati wa kazi hii. Kina neno msiri, yaani mtu anayeaminiwa kutunziwa siri. Isitoshe, jamii ya Waswahili wa pwani ilimjua somo, mwanamke aliyemfunda mwari mambo ya mwili na unyumba ambayo mama mzazi aliona haya kuyatamka. Ni kosa basi kudhani kwamba mila iliyaziba midomo ya watu kabisa. Mila ilichagua nani aambiwe, wapi, na kwa masharti gani. Ushauri nasaha wa kisasa unafuata mkondo uo huo, ingawa mshauri wa leo ana sheria ya taaluma yake, iliyopitishwa mwaka wa 2014.

Hivyo basi, vyuo vikuu havina budi kutenganisha chumba cha mshauri na meza ya nidhamu, ili faili ya mteja isipite mikononi mwa anayeweza kumwadhibu. Masharti ya siri yaandikwe kwa Kiswahili sanifu na kubandikwa mlangoni. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao kila siku huchambua tasfida na mafumbo ya watunzi, wana mchango wa kutoa hapa: kuyaandika masharti hayo kwa maneno mepesi yasiyomtisha wala kumdanganya msomaji. Mficha maradhi hulaumiwa tangu jadi. Ni haki pia aulizwe aliyepaswa kumsikiliza: je, alimpa mahali salama pa kuyafichulia?