Krimu hukamatwa mpakani, maneno ya nyumbani hayakamatwi

Mtoto anapozaliwa Likasi, mara nyingi hapakosi shangazi au jirani wa kumkagua masikio. Rangi ya sikio, husemwa, ndiyo rangi atakayokuwa nayo akikua. Likiwa jeupe, vigelegele. Likiwa jeusi, hutolewa mzaha na watu hucheka.

Mzaha huo haubaki pale. Ndugu wawili wa tumbo moja hukua mmoja akiitwa "muzungu" na mwingine "makala", yaani mkaa. Mmoja husifiwa mbele ya wageni, mwingine huambiwa asikae juani asije akazidi. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini mtoto husikia na kuhesabu.

Mji huu una sababu ya kulitambua jambo hili mapema. Hadi 1966 uliitwa Jadotville, kwa jina la Mbelgiji Jean Jadot wa kampuni ya madini ya Union Minière. Wazungu walikaa mjini. Waafrika walikaa Kikula na katika kambi za wafanyakazi. Koloni lilifika hata kuwatenga na mama zao watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama Mwafrika. Desemba 2, 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kuwa dola ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa wanawake watano waliochukuliwa hivyo wakiwa wadogo.

Utawala huo uliondoka 1960, lakini kipimo chake kimebaki sebuleni, na sasa tunakishika wenyewe.

Msichana aliyeitwa makala tangu utotoni hahitaji tangazo la kumshawishi anunue krimu ya kung'arisha ngozi. Haidrokwinoni imepigwa marufuku katika vipodozi vya ngozi vya Umoja wa Ulaya tangu 2001. Zebaki hudhuru figo na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Steroidi hukondesha ngozi, na kidonda huchelewa kupona. Baada ya yote hayo, vifundo vya vidole hubaki vyeusi na kumfichua.

Serikali ina wajibu wa kuzuia bidhaa hizi. Rwanda ilianza msako mkali mwishoni mwa 2018, na Kongo haina sababu ya kusita. Hata hivyo, afisa wa forodha anaweza kukamata katoni za krimu. Hawezi kukamata neno linalosemwa mezani.

Kazi hiyo ni ya wazazi. Shangazi akigeuza sikio la mtoto, mama amwambie kwa heshima: "Mtoto ni mzima, tumshukuru Mungu." Baba akisikia "makala", alikemee jina hilo siku hiyohiyo, mbele ya watoto wote wawili. Aliyeitwa muzungu naye anapaswa kusikia, maana yeye anafundishwa kwamba kupendwa kwake kunatokana na ngozi.