UCHANGANUZI: Chale za Kitengela zasema nini, na nani azisomaye?

NDANI ya matatu iliyokuwa ikitoka Kitengela kuelekea Kajiado, msichana wa makamo ya miaka ishirini na kitu aliketi mbele yangu. Shingoni, chini kidogo ya sikio, alikuwa amechorwa ua, na kando ya ua hilo jina la mtu kwa herufi za mlazo. Kiti cha pili aliketi mzee wa Kimaasai ambaye ndewe za masikio yake zilikuwa zimevutwa hadi zikakaribia mabega.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu alimnong'onezea mwenzake kwamba mtoto huyo wa watu ameharibika. Kuhusu mzee hakusema lolote, wala abiria mwingine hakumtazama mara mbili.

Kumbe mzee mwenyewe alikuwa akiitazama ile shingo. Tulipokaribia Isinya aliuliza, "Mwanangu, hilo jina ni la nani?" Msichana akamjibu, "Ni la mama yangu, mzee. Alituacha." Mzee akauliza alizikwa wapi, akaambiwa, akatikisa kichwa. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kinafichua hitilafu iliyomo katika swali tunalopenda kuuliza, yaani chale humwelezaje mtu aliye nazo. Miili yote miwili ilikuwa imekatwa ikabadilishwa daima dawamu, mmoja kwa mashine ya umeme na mwingine kwa kisu na kipande cha mti. Tofauti haikuwa kwenye ngozi. Yule mama alijua kuyasoma masikio, lakini shingo hakuijua, na badala ya kuuliza akajaza mwenyewe.

Katika Kajiado ya zamani, mwili ulikuwa maandishi ya hadhara. Sikio lililotobolewa, meno mawili ya mbele ya taya la chini yaliyong'olewa, nywele ndefu za moran zilizopakwa rangi nyekundu kisha zikanyolewa katika sherehe ya Eunoto: kila kimoja kilieleza umri, rika na hatua ya maisha aliyofikia mtu. Baadhi ya alama hizo zilikuwa na manufaa ya moja kwa moja. Pengo la meno, kwa maelezo ya wazee, lilimwezesha mgonjwa wa pepopunda kunyweshwa maziwa taya zake zikishakaza.

Hakuna aliyechagua mchoro wake. Jamii ndiyo iliyoandika, na jamii ndiyo iliyosoma.

Mantiki hiyo ingali hai kwa ng'ombe. Nenda soko la mifugo la Ilbissil uone mnunuzi anavyoanza kwa kutazama mkato wa sikio na chapa ya moto kabla hajauliza bei. Kila ukoo una alama zake, na mwizi wa mifugo hujulikana kwa kupatikana na sikio lisilo lake. Kenya hata ina sheria ya kupiga mifugo chapa, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Ng'ombe asiye na alama ni ng'ombe wa kutiliwa shaka.

Kwa binadamu, mkoloni alikuja na msomaji mpya. Sheria ya usajili ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, mara nyingi ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Tangu siku hizo serikali haikuwa na haja ya kusoma masikio ya mtu, ilisoma kidole. Shule na kanisa zikaongeza lao, kwamba sikio lililovutwa ni dalili ya mtu aliyeachwa nyuma. Wapo wanaume wa Kajiado waliokwenda hospitalini kushonwa masikio ili wasichekwe ofisini, na wapo wazazi walioamua kuwa watoto wao hawatatobolewa kabisa.

Hapa ndipo historia inapotuchezea shere. Wajukuu wa walioshonwa masikio, pamoja na majirani wao kutoka kila pembe ya nchi, sasa wanalipa pesa taslimu kutobolewa na kuchorwa katika vyumba vidogo vilivyo juu ya maduka ya simu, kando ya barabara ya Namanga.

Ili kuelewa sababu, sharti kuelewa Kitengela ni mahali gani. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, wanachama wakapewa kila mmoja sehemu yake. Yaliyofuata twayajua: mashamba yakakatwa yakauzwa, yakakatwa tena, hadi yakawa ploti za futi 50 kwa 100. Kajiado ilipokuwa wilaya, sensa ya 1999 iliwahesabu watu 406,054. Mwaka wa 2009 walikuwa 687,312, na ile ya 2019 ikawapata 1,117,840. Kitengela peke yake ilikuwa na watu 154,436.

Hao wengi wao hawajuani. Jirani yako ghorofani hajui ukoo wako wala hana haja ya kuujua. Katika mji wa wageni watupu, alama ya mwilini haiwezi kusema "mimi ni wa fulani", kwa kuwa hakuna wa kuisoma. Husema tu "mimi ndimi huyu".

Ukitazama kwa makini utaona kwamba nyingi ya chale hizo si za uasi hata kidogo. Ni jina la mama. Ni tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto au ya kufa kwa ndugu. Ni msalaba, au nambari ya aya ya Biblia, jambo la ajabu ukikumbuka kwamba Mambo ya Walawi 19:28 inakataza kuchanja mwili kwa ajili ya wafu na kuuandika alama. Waislamu nao wana hadithi zinazomlaani achoraye na achorwaye. Simba wapo wengi, na ngao ya Kimaasai vilevile, aghalabu kwenye mikono ya vijana ambao si Wamaasai. Kisha yapo majina ya wapenzi, ambayo fundi hulipwa mara mbili, kwanza kuyachora, halafu kuyafunika.

Wengine, bila shaka, huchorwa kwa kuwa wenzao wamechorwa. Hilo nalo si kosa la jinai.

Lugha yenyewe imechangia fitina. Sisi tunaohariri habari tumegombana mara nyingi kuhusu neno la kutumia. Wengi wetu huandika "chale", lakini chale asilia ni mikato midogo ya wembe ambayo mganga huipaka dawa, iwe ya kinga au ya tiba. Msomaji wa umri wangu akisoma kuwa binti fulani ana chale mgongoni, akili yake humkimbilia mganga kabla ya kumkimbilia mchoraji. Neno linafika na hukumu yake mkononi.

Neno la pili ni "nembo". Kamusi za zamani hulieleza kuwa ni alama ya kabila iliyochanjwa mwilini, na Wamakonde bado huziita chale zao za usoni dinembo. Leo nembo ni ile picha iliyo kwenye pakiti ya sabuni au lango la benki. Imehama kutoka uso wa mtu hadi kwenye bidhaa, na hakuna aliyeiona ikihama.

Wamakonde wanatufundisha jambo jingine. Wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, wakiwa na dinembo usoni. Kwao alama hizo zilikuwa fahari. Hapa zikawa tangazo la ugeni ambalo halingeweza kufichwa. Iliwabidi waandamane kutoka Kwale hadi Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya na kuwapa vitambulisho. Uso ulikuwa ule ule. Aliyebadilika ni msomaji.

Msomaji akiwa na bunduki au kalamu ya ajira, kusoma vibaya huwa na gharama. Machi 2025, Marekani iliwasafirisha zaidi ya raia 200 wa Venezuela hadi gereza kuu la El Salvador ikidai ni wanachama wa genge. Miongoni mwa ushahidi uliotajwa ni michoro ya miilini mwao, kama vile taji. Jamaa zao walilia kwamba mataji hayo yalikuwa ya timu ya soka au ya kuwaenzi wazazi. Wanaume hao walikaa gerezani hadi Julai mwaka huo, walipoachiliwa katika mpango wa kubadilishana wafungwa.

Tusidhani hayo ni ya ng'ambo pekee. Wakati wa misako dhidi ya Mungiki miaka ya 2000, kijana mwenye nywele za rasta alijua kwamba kichwa chake kingetosha kumtia mashakani. Leo mkono uliochorwa hufanya kazi iyo hiyo kwenye vizuizi vya barabarani usiku.

Upande wa ajira ndio unaowauma wengi wa Kitengela, mji unaoishi kwa kazi za viwanda vya Athi River, hoteli, maduka na ulinzi. Anayetaka kuvaa sare ya jeshi au polisi anajua kwamba siku ya usajili atavuliwa shati. Kimo kitapimwa, nyayo zitakaguliwa kama ni bapa, meno yatahesabiwa na kila kovu litaulizwa maswali. Kwa kijana wa jamii ya wafugaji, pengo la kimila linaweza kuhesabiwa kama kasoro sawa na jino lililooza. Waingereza walilegeza masharti yao kuhusu michoro ya mikononi na shingoni mwaka wa 2014, na jeshi la nchi kavu la Marekani likafanya vivyo hivyo mwaka wa 2022, yote mawili yakitafuta makurutu.

Sheria zetu zasemaje? Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinapiga marufuku ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo utamaduni, dhamiri, imani na hata mavazi. Sheria ya Ajira ya 2007 ina orodha yake, na humo hutaona neno lolote kuhusu michoro ya mwilini. Kwa hivyo yule mzee wa matatu, akinyimwa kazi kwa sababu ya masikio, ana mlango wa kubisha mahakamani, kwa kuwa masikio yake ni utamaduni. Msichana aliyekuwa kando yake angelazimika kuwashawishi majaji kwamba ua lake ni vazi, au kwamba jina la mamake ni imani.

Si jambo lisilowezekana. Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kuwa shule moja ya Nairobi ilikosea kumfukuza mwanafunzi kwa sababu ya nywele zake za Kirastafari. Lakini yule mwanafunzi alikuwa na dini nyuma yake. Mtu aliyejiandika mwenyewe, kwa sababu zake mwenyewe, hana ukoo wala kanisa la kumtetea, na hapo ndipo ninapoona pengo katika sheria. Tunaiheshimu alama ambayo mtu alilazimishwa, na kumwadhibu aliyeichagua.

Nasema alilazimishwa kwa kusudi. Wapo wanaolilia enzi ambapo kila alama ilikuwa na maana, na mwaka wa 2018 UNESCO iliziweka Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Sawa. Hata hivyo, ni mila zizo hizo, za kuandika hatua ya maisha mwilini, zilizomkeketa msichana ili aitwe mtu mzima. Shule ya wasichana ya AIC Kajiado haikugeuka kimbilio bure. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na bado mnamo Juni 2014 wanawake wa Kajiado waliandamana kuutetea. Alama inayosomwa na kila mtu yaweza pia kuwa mzigo usioweza kuutua.

Chale za Kitengela zina hatari ya aina nyingine, nayo ni sindano. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi haviulizi kama mchoro ni wa mama au wa simba. Sindano ikitumika mara mbili, madhara hayafutiki kama jina la mpenzi. Kama maafisa wa afya wa kaunti wanatafuta la kukagua juu ya ngozi za vijana, waanzie hapo.

Siku hiyo nilipokuwa nikirudi nilishuka Kitengela, nikapanda ngazi hadi kwenye chumba kimojawapo. Fundi, kijana wa miaka thelathini hivi, aliniambia kuwa siku hizi swali lake la kwanza kwa mteja si mchoro gani anaoutaka, bali ni kazi gani anayoitafuta. Akiambiwa ofisi, humwelekeza kwenye bega au mgongo, mahali pa kufunikwa na shati. Akiambiwa polisi au jeshi, hufunga daftari la michoro na kumwambia arudi akishakosa.