Rangi ya gari lako imo mikononi mwa dereva wa mbele

Rangi ya boneti ikianza kuchubuka kwa kokoto, wenye magari wengi hukimbilia dukani au kwa fundi: nta, plastiki ya kubandika, au kupiga rangi upya. Vyote hivyo vina kazi yake, lakini vinashughulika na gari linalopigwa, ilhali jiwe hurushwa na tairi la gari jingine. Ndiyo maana kinga ya kwanza ni mwendo wa kiasi na kuachiana nafasi barabarani, na kinga hiyo haipatikani mpaka sote tushirikiane.

Rangi ya kiwandani, pamoja na tabaka zake zote, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Nishati ya pigo nayo haikui sawasawa na mwendo: kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nishati hiyo huwa mara 4. Chukua mfano wa mkoa wa Kilimanjaro: barabara kuu za kutoka Moshi kwenda Marangu na Machame zina lami, lakini njia nyingi zinazoziingia kutoka migombani ni za moramu na mawe. Matairi hubeba kokoto hizo hadi kwenye lami, mahali ambapo magari hukimbia zaidi, na tipa lisilofunikwa turubai huongeza nyingine. Bati likishakuwa wazi, kutu hutambaa chini ya rangi iliyobaki, hasa katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, inayopata mvua nyingi kuliko ya kaskazini.

Wapo watakaosema dawa ni lami tu. Lami ni haki ya wanavijiji, lakini pia huongeza mwendo, na kokoto chache zitakazobaki juu yake zitapiga kwa nguvu zaidi. Wengine watasema dereva wa abiria au wa watalii ana saa ya kufika. Tupige hesabu: kilomita 10 za moramu kwa mwendo wa 60 ni dakika 10, kwa mwendo wa 40 ni dakika 15. Dakika 5 hizo zinapunguza nishati ya pigo kwa zaidi ya nusu. Na anayetegemea plastiki akumbuke kwamba hailindi kioo cha mbele, wala uso wa dereva wa bodaboda, wala mtoto anayetembea kando ya barabara kwenda shule. Jiwe linalochubua boneti linaweza kutoboa jicho.

Kwa hiyo wenye matipa wafunike mizigo yao, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) na halmashauri wafagie kokoto kwenye makutano ya moramu na lami, na kila dereva apunguze mwendo anapopishana na mwenzake. Gharama ya kupunguza mwendo ni ndogo kuliko ya kupiga rangi boneti moja, na faida yake inamfikia hata asiye na gari.