Nafasi ya kufundisha iko, mshahara ndio hauko

Wandugu wachimbaji, wamama munaotwanga mawe, na ninyi vijana munaotembea na diplome ndani ya sashe:

Kila mwaka masomo yanapokaribia kuanza, vijana wa Bibokoboko na wa vijiji vya jirani wanashuka Baraka kutafuta kazi ya ualimu. Wako na diplome d'État, section pédagogique. Wanapita kwa direkta huyu, kwa préfet yule, kwa ofisi ya kanisa. Jibu ni moja tu: « Nafasi hakuna. » Kisha miezi michache tunawakuta Misisi ao Lubichako, pembeni ya shimo, wanashika daftari ya PDG na kuhesabu mifuko ya mawe. Wanaandika vizuri, PDG anafurahi. Sisi wa sendika hatufurahi.

Hatufurahi juu hilo jibu si la kweli. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Serikali ilianza kuitumikisha kwa nguvu mwezi wa septemba 2019, na watoto wakajaa madarasani. Walimu wanahitajika. Kinachokosekana ni matrikule, ile namba inayomwingiza mwalimu kwenye listi ya mshahara. Asiyekuwa nayo anaitwa NU, « nouvelle unité ». Jina linasema ni mupya, lakini tunajua NU walioota mvi na bado ni wapya.

Zamani, tangu miaka ya 1990, wazazi ndio walikuwa wanalipa prime ya walimu. Tuliichukia, maana mtoto wa mchimbaji alifukuzwa darasani kila shimo lilipokosa kutoa. Gratuité ilipokuja tulishangilia, na leo bado tunaiunga mkono. Lakini tuseme ukweli: mwenye matrikule alibaki na mshahara wake, hata kama ni mudogo. NU wa shule ya msingi alinyanganywa prime ya wazazi na hakupewa kitu mahali pake. Alibaki na chaki.

Jambo lingine vijana wanapaswa kujua. Shule zetu nyingi ziko chini ya makanisa, kufuatana na mapatano serikali iliyofanya nayo mwaka 1977. Kanisa linasimamia shule, serikali inalipa mwalimu. Kwa hiyo kijana ana milango miwili ya kupiga hodi. Huku wanamwambia tatizo liko kule, kule wanamurudisha huku. Hapo katikati ndipo undugu na bahasha vinapoingia.

Binti wa mwenzetu mmoja alifundisha miaka tatu katika shule moja ya kwetu. Wazazi walimusaidia na unga na maharagi. Siku listi ya walimu ilipotoka, mahali alipokuwa anangoja jina lake palikuwa na jina la mtu ambaye watoto hawajamuona hata siku moja. Alipoenda kulalamika, wakamuuliza: « Mama, karatasi yako iko wapi? » Hakuwa nayo. Aliingia darasani kwa neno la mdomo tu. Leo anatwanga mawe.

Kwa watu wa Bibokoboko shida iliongezeka tangu oktoba 2021, vita ilipowafukuza wengi, wakakimbilia Baraka na kwingine. Nyumba ikiungua, dosie pia inaungua. Mwalimu aliyekimbia anahitaji mtu wa kushuhudia kwamba alifundisha. Tunasema hivi kwa wote: Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliru na wengine. Mtoto anayekosa mwalimu anakosa mwalimu, hata awe wa kabila gani.

Wengine watatuambia: « Ninyi watu wa dhahabu, lipeni wenyewe. Si kuna ile 15 % ya redevance ya madini? » Tujibu vizuri. Code minier ya 2018 inapatia sekta na sheferi 15 % ya redevance, ni kweli. Lakini redevance inalipwa na kampuni zenye vyeti vya kuchimba. Haitoki kwa shimo la mchimbaji wa mkono. Tusidanganye watu. Na tukianza tena kuchanga mshahara wa mwalimu, tumerudisha prime kwa mlango wa nyuma.

Tunachoomba ni kidogo na hakina gharama kubwa. Sous-division ibandike ukutani listi ya kila shule: madarasa mangapi, walimu wangapi wako na matrikule, NU ni wangapi, na kila mmoja alianza mwaka gani. Matrikule ikipatikana, wa kwanza awe yule aliyetangulia kufundisha, asiwe yule aliyetangulia kujuana na mkubwa. Listi ikiwa ukutani, wazazi wenyewe watasema: « Huyu tunamujua, yule hatujamuona. »

Ninyi vijana, musiingie darasani mikono mitupu. Uliza kwanza kama shule iko na arete ya serikali. Omba commission d'affectation yenye sahihi na muhuri. Andika tarehe uliyoanza, direkta atie sahihi. Fanya fotokopi tatu na uache moja kwa mtu wa kuaminika mahali pengine. Sisi wachimbaji tunajua hii: bila karte, hata shimo ulilochimba mwenyewe wanaweza kukufukuza. Asiyekuwa na mahali pa kuweka dosie, sendika itamuwekea.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Tunamucheka mwalimu kwa sababu ya suruali yake iliyochakaa, halafu tunashangaa mtoto akikataa masomo. Tunaona mtoto wa miaka kumi na mbili anabeba mufuko wa mawe saa ya darasa, tunanyamaza juu ni kazi ya bei kidogo. Hapo hatuwezi kuidai serikali kwa sauti kubwa. PDG wote, mutoto wa umri wa shule asionekane shimoni. Tukianza hapo, siku tutakapoenda kwa sous-division kuuliza listi, hawatapata kitu cha kuturudishia.