Dawa haizibui mrija wa nyongo

Mama mmoja anayeuza mboga soko la Majengo alinijia na bahasha ya kaki iliyojaa vyeti. Ndani mlikuwa na majibu matatu ya kipimo cha taifodi ya mwezi mmoja, yote "chanya", pamoja na risiti za dawa za vidonda vya tumbo. Macho yake yalikuwa ya njano, na alikuwa akitetemeka kwa baridi saa saba mchana, katika jua la Dodoma unalolijua. Kote alikopita, hakuna aliyemuuliza rangi ya mkojo wake.

Jiwe lilikuwa limeziba mrija wa nyongo, na nyuma ya jiwe bakteria walikuwa wamezaliana.

Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa kwenye kifuko chake, kisha hushuka kwa mrija mwembamba hadi kwenye utumbo mdogo kusaidia kusaga mafuta. Ikitiririka vizuri, bakteria hawapati nafasi. Mrija ukizibwa na jiwe, uvimbe, au hata mnyoo wa askaris kwa mtoto, nyongo hutuama. Bakteria wa utumbo, hasa E. coli na Klebsiella, huingia humo. Presha ikipanda ndani ya mrija, wanasukumwa hadi kwenye damu.

Yule mama aliniuliza, "Dokta, huyu mdudu wangu ni mkali?" Ni swali zuri kuliko alivyodhani. E. coli hawafanani. Wengi wanaishi tumboni mwako sasa hivi bila ugomvi. Wengine wana vinywele vya kung'ang'ania ukuta wa mrija, wana uwezo wa kunyang'anya mwili madini ya chuma, na sumu ya kupasua seli. Klebsiella hujivika koti la ute linalowasumbua askari wa mwili. Huo ndio ukali. Usuguchanganye na usugu: usugu ni kuikataa dawa, na bakteria anaweza kuwa sugu bila kuwa mkali, au mkali huku dawa ya kawaida ikimuua.

Lakini ukali ni nusu ya habari. Kijana mwenye kinga imara hudhurika zaidi akikutana na bakteria mwenye silaha nyingi. Kwa mzee, mwenye kisukari, au mtu ambaye mrija wake umeziba kabisa, bakteria mpole tu anatosha kumfikisha chumba cha uangalizi maalumu. Ndiyo maana siridhiki na habari ya "nimepewa sindano kali zaidi". Sindano hupunguza bakteria, tena huokoa maisha, ila jiwe inaliacha palepale. Mrija lazima uzibuliwe, kwa kamera inayopitishwa mdomoni pale ilipo, au kwa upasuaji.

Msimamo wangu, na najua baadhi ya wenzangu hawataupenda, ni huu: mgonjwa mwenye homa na maumivu chini ya mbavu za kulia asianzishiwe duru ya pili ya antibayotiki kabla ya kupigwa utrasaundi. Kipimo cha taifodi cha tone la damu kikiwa chanya mara moja hakithibitishi taifodi, kwa sababu kinga ya maambukizi ya zamani hubaki kwenye damu. Kuotesha damu maabara ndiko kunakomtaja bakteria na dawa inayomfaa. Ni gharama, nakubali. Jumlisha risiti zilizokuwa kwenye ile bahasha uone.

Mwaka 1877 daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza dalili tatu: homa ya kutetemeka, macho ya njano, na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia. Bado tunazitumia. Ongeza mkojo wa rangi ya chai ya rangi na kinyesi cheupe. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au presha ikishuka, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Wazazi wenye watoto wa selimundu, nawaomba kwa namna ya pekee. Seli zao nyekundu huvunjika haraka, na mabaki yake hutengeneza mawe ya nyongo wakiwa bado wadogo. Mmezoea macho ya njano, mnasema "ndiyo kawaida yake". Unjano ukizidi, ukaja na homa na maumivu ya upande wa kulia, si kawaida yake tena. Mpelekeni hospitali siku hiyo, na muulize kuhusu nyongo hata kama hakuna aliyeitaja.

Jambo dogo la mwisho. Utrasaundi ya nyongo iliyopangwa huhitaji ukae saa sita hadi nane bila kula, kwa sababu ukila kifuko hujikunja na mawe hayaonekani vizuri. Wengi hurudishwa nyumbani kwa ajili ya chai na chapati za asubuhi. Ila ukiwa na homa na macho ya njano usisubiri kufunga, njoo ulivyo.