Informatiki tuliyoisoma ubaoni haikupotea

Tangu nifike katika kitivo hiki, swali ni lile lile: "Wewe ulisoma biashara na informatiki kwenye sekondari, umekuja kutafuta nini kwenye lugha?" Wengine huongeza kwamba nilipoteza miaka minne. Ninawajibu hapa, kwa sababu jibu linatuhusu sote tunaosoma lugha.

Nilisoma upande wa Mabalako, katika shule ambayo sitaitaja. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 40 na ordinateri moja, nayo iliwaka siku ambazo jenereta ilipata mafuta. Siku nyingine mwalimu alichora kibodi ubaoni kwa chaki, nasi tukainakili daftarini herufi kwa herufi. Nilipata diploma ya serikali bila kuwahi kuhifadhi faili hata moja kwa mkono wangu. Mwenzangu aliyetoka Butembo ndiye aliyenionyesha tulipofika chuo kikuu, na niliona aibu. Basi simtetei yeyote anayedhani kwamba chaki inatosha.

Lakini mashine haikuwa pengo la pekee. Pengo lingine lilikuwa lugha. Mwalimu alitufundisha "boucle", yaani sehemu ya programu inayorudia kazi ile ile mpaka sharti fulani litimie. Kwetu sisi neno hilo lilikuwa la herini. Tulikariri maana yake kwa Kifaransa, tukairudisha kwenye mtihani, tukapata alama. Sikuelewa kitu, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuuliza kwa Kiswahili.

Nilielewa mwaka 2019, nje ya darasa. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, katika eneo letu la afya la Mabalako. Kwa jirani zetu, waliokuwa wamemhudumia mgonjwa, mfuatiliaji alifika kila siku. Alipima joto, akauliza maswali, akaandika. Mtu asipokuwa na dalili, mfuatiliaji anarudi kesho. Akiwa nazo, anapelekwa kupimwa. Akigusana na mgonjwa mwingine, hesabu inaanza upya. Zikitimia siku 21 bila dalili, kazi imekwisha. Jioni moja niliziandika hatua hizo daftarini, nikashtuka: hii ndiyo boucle! Nilimweleza mama kwa Kinande, naye akaelewa kabla sijamaliza. Mama hajawahi kugusa ordinateri.

Kwa hiyo miaka ile minne haikupotea. Ilinipa namna ya kufikiri kwa hatua, na kufikiri huko hakungoji umeme. Kilichokawia ni maelezo katika lugha ninayoielewa.

Najua watakaosema Kiswahili hakina maneno. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Leo watu husema kipanya, wala hakuna anayecheka. Wafaransa nao wanaposema "souris" wanamtaja panya yule yule wa ghalani. Hoja yenye uzito zaidi ni hii: mtihani wa serikali huja kwa Kifaransa, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili atakwama. Sisemi Kifaransa kiondolewe. Nasema mtoto aelewe kwanza, kisha apewe neno la mtihani. Sisi tulipewa neno tukanyimwa maana.

Kazi hiyo hatuwezi kumwachia mwalimu wa informatiki peke yake. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini katiba haitungi daftari la somo. Napendekeza kila mwaka kikundi cha wanafunzi wa kitivo kichague maneno 20 ya msingi, kiyaeleze kwa mifano ya soko, shamba na zahanati, kisha kiyapeleke kwa walimu wa sekondari wayajaribu darasani. Tubishane pia. Baadhi husema "kitanzi" kwa boucle. Kwangu kitanzi kinanasa, hakirudii, nami napendelea "mzunguko". Mabishano ya namna hiyo ndiyo kazi yetu.

Anayeuliza nimekuja kutafuta nini kwenye lugha, jibu ni hilo: natafuta neno ambalo mtoto wa Mangina hatalidhania herini.