Tone kwa tone



Kilomita zipatazo 8 kaskazini mwa jiji la Tanga yapo Mapango ya Amboni. Kutoka kwetu Bugene ni kuvuka nchi nzima, lakini aliyefika Tanga kwa harusi au mkutano anaweza kuyatembelea na kurudi siku hiyohiyo. Niliingia humo na mapadre wenzangu, kiongozi wa wageni akitangulia na tochi. Juu yananing'inia mawe yaliyochongoka. Wataalamu huyaita stalaktiti. Chini yameota mengine yakiyaelekea, nayo ni stalagmiti.

Hakuna fundi aliyeyachonga. Maji ya mvua hupita udongoni, yakachukua hewa ya kaboni, yakapata ukali kidogo na kuyeyusha jiwe la chokaa. Tone likifika kwenye dari la pango huiachia hewa ile na kubakiza chembe ya chokaa. Kwa wastani, stalaktiti hurefuka kama sentimita 10 kwa miaka 1,000. Maji yaleyale yaliyochimba pango ndiyo yanayojenga ndani yake.

Nayasema haya kwa sababu ya vibanja. Katika parokia zetu za Karagwe na Kyerwa, padre huitwa kupatanisha ndugu wa tumbo moja wanaogombea shamba la marehemu baba yao. Huketi sebuleni, kila mmoja akitazama ukuta wake, na mzee wa ukoo huomba: "Padre, tusalie, yaishe leo." Tunasali. Hayaishi leo.

Hayaishi leo kwa sababu hayakuanza leo. Ugomvi ule haukuzaliwa siku ya kuondoa matanga. Ulianza na salamu isiyoitikiwa, kejeli mbele ya shemeji, mgonjwa asiyekwenda kuonwa. Tone kwa tone, hadi moyo ukaota jiwe.

Wapo wanaotangaza kuyamaliza mambo kama hayo kwa mkesha mmoja. Mungu anaweza yote. Lakini nabii Eliya, pale pangoni Horebu, hakumkuta Mungu katika upepo, tetemeko wala moto, bali katika sauti ya chini iliyohitaji sikio tulivu. Hata Sakramenti ya Kitubio huondoa dhambi papo hapo, ila kutengeneza tulichobomoa hudai siku nyingi.

Basi usingoje kikao cha ukoo. Wiki hii piga hodi kwa nduguyo. Peleka mkungu wa ndizi. Mtoto wake akiugua, nenda ukamwone. Asipokuitikia, rudi wiki ijayo. Neema hudondoka kutoka juu, nasi huku chini tunapaswa kuwapo ili ituangukie. Pangoni, stalaktiti na stalagmiti zikiendelea kukua hukutana na kuwa nguzo moja.

Tofauti ni hii: mawe yana miaka maelfu ya kusubiriana. Wewe na nduguyo hamnayo. Tone la kwanza lidondoke leo.